Viongezo vya mimea kwa kuku: Tunduma iulize kipimo kabla ya bei

MFANYABIASHARA wa vyakula vya kuku mjini Tunduma anayeletewa gunia la unga wa majani na kuambiwa kuwa ni "dawa ya asili isiyo na madhara" ana swali moja la kuuliza kabla hajatoa fedha: unawekwa kiasi gani katika tani moja ya chakula? Muuzaji asiye na jibu la swali hilo hana bidhaa. Ana majani tu.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mahindi ya Mbozi na Momba yako karibu, pumba na mashudu ya alizeti yanapatikana, na barabara kuu ya kwenda Zambia pamoja na reli ya TAZARA zinapita hapo hapo mpakani. Kwa mwenye mtaji mdogo, kujichanganyia chakula cha kuku ni biashara inayovutia. Chakula hubeba asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote za kufuga kuku kibiashara, hivyo yeyote anayekuja na unga unaodaiwa kupunguza kiasi cha chakula au idadi ya vifo husikilizwa haraka.

Na si uongo kwamba mimea ina nguvu. Vitunguu saumu, tangawizi, manjano, mdalasini, pilipili, mlonge na mwarobaini vyote vimefanyiwa majaribio kwa kuku, na baadhi vimeonyesha kusaidia usagaji wa chakula au kupunguza vijidudu vya tumboni. Ila kitu chenye nguvu ya kuua vijidudu kina nguvu ya kufanya na mengine, na hapo ndipo fedha ya mwekezaji inapoweza kupotea.

Mahitaji haya yametoka wapi

Kwa miongo mingi wafugaji wakubwa duniani walikuwa wakitia antibiotiki kidogo kidogo katika chakula cha kuku, si kwa kutibu ugonjwa bali kwa kukuza. Sweden ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kabisa kuanzia Januari 1, 2006, na Marekani ikasitisha mwaka 2017 kwa dawa zile ambazo ni muhimu kwa tiba ya binadamu. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzitaka nchi ziache, na Tanzania nayo ikaanza kutekeleza mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa.

Hofu ni kwamba vijidudu vinavyozoeshwa dawa kidogo kidogo bandani hugeuka sugu, kisha dawa hiyo hiyo inashindwa kumtibu mtu hospitalini. Viwanda vya chakula cha mifugo vikatafuta mbadala, na mimea ikawa mmojawapo. Leo hii ni biashara ya dunia nzima yenye makampuni makubwa, maabara na hataza.

Lakini kile kinachouzwa na makampuni hayo na kile kinachosagwa nyuma ya nyumba si kitu kimoja, hata kama jina la mmea ni lile lile. Kampuni huuza kiini cha mafuta kilichopimwa, kwa mfano timoli na kavakroli zinazotoka katika mimea ya zaatari na oregano. Hizo huwekwa kwa gramu mia moja au mia mbili hivi katika tani nzima. Unga wa majani huwekwa kwa kilo. Mfanyabiashara anayesoma kipimo cha unga kisha akamimina mafuta kwa kipimo hicho atakuwa amezidisha mara makumi.

Kipimo ndicho kinachogawa dawa na sumu

Mwarobaini ni mfano ulio karibu. Mti huu umejijengea heshima ya kutibu kila kitu, na mfugaji hashangai akiuona katika orodha ya viungo vya chakula cha kuku. Mbegu zake zina kemikali ya azadirakitini, ile ile inayotumika kama kiuatilifu cha wadudu. Ni chungu. Kuku wanaopewa mashudu ya mwarobaini au majani mengi hula kidogo na kukua polepole. Mfugaji anaona chakula kimebaki katika vyombo, anadhani kimepungua matumizi, anafurahi. Wiki ya sita mzani unamwambia habari nyingine.

Lukina, ambayo wafugaji wengi huipanda kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, ina protini nyingi na huipa kiini cha yai rangi nzuri ya manjano. Ina pia mimosini, kemikali inayodumaza kuku. Ushauri wa kawaida wa wataalamu ni kutovuka asilimia 5 ya chakula cha kuku. Mlonge nao, pamoja na sifa zote unazopewa, matokeo yake huanza kuharibika katika majaribio mengi pale kiasi kinapovuka asilimia 10.

Pilipili ina kisa chake. Ndege hawasikii ukali wake kama mamalia wanavyousikia, kwa hiyo kuku atakula chakula chenye pilipili bila kulalamika. Anayeumia ni kibarua anayechanganya kwa koleo bila kitambaa puani wala miwani. Usalama wa kiongezo haumhusu kuku peke yake. Unamhusu anayekigusa, anayekula nyama na mayai, na hata shamba litakalowekwa mbolea ya banda hilo.

Tumbaku hulimwa wilayani Songwe na kwa majirani wa Chunya. Ni mmea, ni wa asili, na wazee wamekuwa wakiutumia dhidi ya chawa na minyoo ya kuku. Nikotini iliyomo ni sumu kali ambayo zamani iliuzwa madukani kama dawa ya kuua wadudu. Anayeloweka majani ya tumbaku katika maji ya kunywa ya vifaranga bila kipimo anacheza bahati nasibu na mtaji wake.

Yapo pia madhara yasiyoonekana kwa macho. Mmea wa komfri ulipandwa na wafugaji wengi wa Kenya na kusifiwa kama lishe ya mifugo na hata ya watu. Baadaye ilithibitika kuwa una kemikali zinazoharibu ini, na mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikawataka wauzaji kuondoa sokoni bidhaa za kumeza zenye komfri. Kemikali za jamii hiyo zimewahi kukutwa ndani ya mayai ya kuku waliokula mimea au nafaka yenye kemikali hizo. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, lakini kuku wa mayai hulishwa kitu kile kile kwa zaidi ya mwaka, na kila siku anatoa yai linalokwenda kwenye meza ya mtu. Kiongezo kilichoruhusiwa kwa broila si lazima kifae kwa kuku wa mayai.

Ukungu huja na gunia

Kwa mfanyabiashara wa Songwe, hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote huenda isiwe kemikali ya mmea wenyewe. Ni unyevu.

Majani, mizizi na mbegu zilizokaushwa chini, zikasagwa kabla hazijakauka sawasawa na kufungwa katika mfuko wa plastiki, huota ukungu. Ukungu fulani hutoa sumukuvu, na mbaya zaidi kati ya hizo ni aflatoksini. Dunia iliijua sumu hiyo kupitia kuku na jamaa zake: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza, na uchunguzi ukafuata njia hadi kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyokuwa yameota ukungu. Mashudu yale yalikuwa ya mmea, halisi, bila dawa yoyote ya kiwandani.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara na 20 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Na soko linaweza kufungwa usiku mmoja kwa sababu hiyo hiyo: Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kisha ikaruhusu tena kwa masharti, likiwamo la cheti kuonyesha kuwa aflatoksini iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Wenye malori waliokwama mpakani wanajua gharama ya siku chache tu.

Kuku wenye aflatoksini kidogo hawafi kwa mkupuo. Wanadumaa, ini linaharibika, chanjo zinashindwa kushika vizuri, utagaji unashuka. Mfugaji akiona hivyo anarudi dukani kununua "dawa ya asili" zaidi ya kuwapa nguvu. Ikiwa sumu imo katika dawa hiyo hiyo, basi analipa mara mbili kwa hasara moja.

Kuna na uchafu wa aina nyingine. Mwaka 2019 nchini Uganda, hasa Karamoja, watu 5 walifariki na wengine karibu 300 kuugua baada ya kula uji wa msaada wa mahindi na soya. Uchunguzi ulikuta humo sumu za mimea ya jamii ya mnanaha, gugu linaloota mashambani ambalo mbegu zake huvunwa pamoja na mazao. Bidhaa ile ilitoka katika kiwanda cha kisasa na ilinunuliwa na shirika kubwa la kimataifa. Mtu anayenunua majani yaliyochumwa porini na wachumaji kumi tofauti ana sababu zaidi ya kukagua.

Halafu kuna unga unaofanya kazi mno. Katika dawa za asili za binadamu, vyombo vya udhibiti vya nchi nyingi vimekwisha kukuta dawa za kiwandani zimesagwa na kuchanganywa kimya kimya. Hakuna sababu ya kuamini kuwa wauzaji wa unga wa kuku ni watakatifu kuliko wengine. Unga unaosimamisha kuhara kwa saa chache katika kila banda unastahili kupelekwa maabara kabla ya kupewa sifa, kwani kama una antibiotiki, mfugaji hataheshimu siku za kusubiri kabla ya kuuza nyama na mayai. Ataziheshimu vipi, naye hajui kwamba ametumia dawa?

Neno kwenye lebo na gunia la Nakonde

Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010 inasimamia utengenezaji, uuzaji na uingizaji wa vyakula vya mifugo nchini. Anayechanganya na kuuza si "msaidizi wa wafugaji" mbele ya sheria hiyo, ni mtengenezaji. Viwango vya ubora viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Dawa za mifugo ziko chini ya TMDA, iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019.

Hapo ndipo maneno machache ya lebo yanapoweza kumgharimu mtu. Unga wa tangawizi unaouzwa kama kiongezo cha chakula uko katika fungu moja. Unga huo huo ukiandikwa "hutibu kuhara damu" au "kinga ya mdondo" umejiita dawa, na dawa isiyosajiliwa ni kosa. Zaidi ya kosa, ni hatari: hakuna kiongezo cha mmea kinachochukua nafasi ya chanjo ya mdondo, na chanjo ya matone ya jicho ya I-2 inayostahimili joto inatengenezwa hapa hapa nchini.

Kuhusu mpaka, kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa mwaka 2019 kimerahisisha ukaguzi wa magari na mizigo, lakini hakijafuta vibali. Chakula cha mifugo kinachotoka nje kinahitaji kibali cha wizara yenye dhamana ya mifugo, na majani au mbegu zilizokaushwa ni mazao ya mimea yanayohusu pia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kuvusha mifuko miwili mitatu kwa bodaboda kunaonekana jambo dogo. Wenye kumbukumbu watakumbuka Namanga, Oktoba 2017, ambako vifaranga 6,400 kutoka Kenya waliteketezwa kwa moto kwa kuwa viliingizwa kinyume cha marufuku ya kuzuia homa ya mafua ya ndege. Mwenye mali hakurudishiwa kitu.

Hesabu ya banda la kuku 500

Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye broila 500. Bei zifuatazo ni za hesabu tu. Kila mmoja aweke zile za soko lake.

Kila kuku akila kilo 4 hadi kuuzwa, banda linahitaji tani 2. Kwa Sh 1,500 kilo, hiyo ni Sh 3,000,000. Kiongezo cha mmea kikiwekwa kwa asilimia 1 ni kilo 20, na kwa Sh 6,000 kilo ni Sh 120,000. Ili fedha hiyo irudi, ni lazima kiongezo kiokoe kilo 80 za chakula, yaani gramu 160 kwa kila kuku, au kiokoe vifo vyenye thamani hiyo. Inawezekana. Lakini si jambo la kuona kwa jicho. Linahitaji mzani na daftari.

Sasa tuseme kipimo kilizidi, kuku wakala kwa kusitasita, na siku ya kuuza ikafika wakiwa wepesi. Mnunuzi wa hoteli anawakataa, wanabaki bandani wiki moja zaidi. Kuku 500 wakila gramu 150 kwa siku kwa siku saba ni kilo 525, sawa na Sh 787,500, kabla ya kuhesabu maranda, mkaa, mlinzi na vifaranga wapya wanaosubiri nafasi. Kilichokuwa kiongezo cha Sh 120,000 kimekula faida ya banda zima.

Na kosa la kipimo hutokea kirahisi zaidi kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu ya koleo. Kilo 10 za unga zikimwagwa juu ya tani moja sakafuni, gunia moja litatoka na nyingi na jingine halina kitu. Njia salama ni kuanza na kidogo: unga uchanganywe kwanza na kilo 10 za pumba, kisha mchanganyiko huo na kilo 30, kisha 100, ndipo uingie kwenye rundo kubwa. Viini vya mafuta vya gramu mia kwa tani havifai kwa koleo hata kidogo. Hivyo vinunuliwe vikiwa vimekwisha kuwekwa ndani ya premiksi na mtengenezaji anayejulikana.

Karatasi ya kudai na jaribio la kufanya

Barani Ulaya kiongezo hakiingii sokoni kwa kuwa kinatoka katika mmea. Chini ya Kanuni Na. 1831 ya mwaka 2003, mwombaji hupeleka ushahidi kwa mamlaka ya usalama wa chakula, EFSA: kwa kuku yupi, kipimo gani, mabaki gani kwa mlaji, madhara gani kwa mfanyakazi na mazingira. Majaribio ya ustahimilivu huwalisha kuku kipimo kinachopendekezwa na kipimo kikubwa zaidi, mara nyingi mara kumi, kwa siku 35 kwa kuku wa nyama na siku 56 kwa wale wa mayai. Kama kipimo cha mara kumi hakiwadhuru, basi mkono ukiteleza wakati wa kuchanganya si janga. Kama mara mbili tu inawadhuru, muuzaji wa Tunduma anapaswa kujua mapema kwamba bidhaa hiyo haifai kwa wateja wanaopima kwa kopo.

Mwagizaji anaweza kudai karatasi hizo kutoka kwa kampuni inayomuuzia. Bidhaa ya mtaani isiyo na karatasi inaweza kupimwa: Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una kituo Iringa, na wataalamu wa utafiti wa mifugo wa TALIRI wako Uyole, Mbeya, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka mpakani. Gharama ya kupima sampuli igawanywe kwa tani zote zitakazouzwa, si kwa gunia la kwanza, ndipo itaonekana ndogo.

Jaribio la bandani nalo halihitaji shahada. Vifaranga 100 wa siku moja kutoka kiwanda kimoja, wagawanywe nusu kwa nusu bila kuchagua, katika vyumba viwili vya banda moja. Chakula kile kile, ila kimoja kina kiongezo. Wapimwe kila wiki, chakula kilicholiwa kiandikwe, waliokufa wapasuliwe na afisa mifugo na ini litazamwe. Jaribio la mfugaji mmoja aliyesema kuku wake "walichangamka" lisihesabiwe, kwani hakuwa na chumba cha pili cha kulinganisha.

Na kwa yule atakayeamua kununua na kuuza, nusu kilo ya kila shehena itolewe siku ile ile mzigo unapofika, ikauke vizuri, ifungwe katika chombo kisichopitisha hewa, iandikwe tarehe na jina la aliyeileta, kisha iwekwe mahali pakavu hadi kuku wa mwisho waliolishwa shehena hiyo wawe wameuzwa.